Kutakasa Mwili Si Kuondoa Sumu: Uhakiki wa Maneno ya Tiba ya Panchakarma

Neno likikosewa katika shairi, wasikilizaji hucheka na mambo yakaisha. Neno likikosewa katika elimu ya tiba, mwenye kuumia ni mgonjwa. Kwa sababu hiyo yafaa kuyatazama kwa makini maneno ya Kiswahili ambayo siku hizi hutumiwa kuelezea tiba za Kihindi za kusafisha mwili, zile zijulikanazo kwa jina la Kisanskriti la panchakarma, yaani matendo matano. Aghalabu msomaji huambiwa kwamba tiba hizo ni za "kuondoa sumu mwilini". Maneno hayo ni mepesi kinywani, na kila ayasikiaye huona ameyaelewa. Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo matatu: kwamba vitabu vya asili havisemi hivyo, kwamba maneno hayo yanaificha hatari ambayo vitabu hivyo viliitaja waziwazi, na kwamba Kiswahili kinayo maneno yake, ya zamani na ya kueleweka, yaliyo bora kwa kazi hii.

Kitabu cha kutegemewa kwanza katika jambo hili ni Charaka Samhita. Kimegawanyika katika sehemu 8 zenye sura 120. Kwa mujibu wa kitabu chenyewe, mafundisho yake yalitoka kwa mwalimu Atreya, yakaandikwa na mwanafunzi wake Agnivesha, kisha yakatengenezwa upya na Charaka. Na baadaye, yamkini katika karne ya 4 au ya 5 baada ya Kristo, Dridhabala akayakamilisha yale yaliyokuwa yamepungua. Miongoni mwa aliyoyakamilisha ni sehemu mbili za mwisho, Kalpasthana na Siddhisthana, zenye sura 12 kila moja, na zote mbili zimewekwa kwa ajili ya tiba za kusafisha. Ya kwanza yaeleza dawa: sura 6 za dawa za kutapisha na sura 6 za dawa za kuharisha, jumla ya namna 600 za kuzitengeneza, 355 za kutapisha na 245 za kuharisha. Ya pili yaeleza jinsi ya kuzitumia zikafaulu, na jinsi ya kumwokoa mgonjwa zisipofaulu. Mpango huo peke yake ni ushahidi. Waandishi walioiona tiba hii kuwa jambo jepesi wasingaliandika sehemu nzima ya kitabu juu ya kufaulu na kutofaulu kwake.

Matendo yenyewe, kama yalivyo katika Charaka, ni haya. La kwanza ni vamana, kutapisha. La pili ni virechana, kuharisha. La tatu ni niruha, kumpitishia mgonjwa nyuma dawa iliyochemshwa. La nne ni anuvasana, kumpitishia njia hiyohiyo mafuta yaliyotiwa dawa. La tano ni nasya, kumtia dawa puani ili kusafisha kichwa. Walakini hesabu hii si ya waandishi wote. Vagbhata, aliyeandika yapata mwaka 600, huzihesabu tiba za kupitisha dawa nyuma kuwa moja, na mahali palipobaki wazi akatia kutoa damu. Idadi imebaki tano, bali yaliyomo yamebadilika. Mfasiri asemaye "matano ni haya" bila ya kumtaja mwenye kuhesabu amekwisha kosea kabla hajafika kwenye maneno magumu.

Na maneno magumu ni machache. Kisanskriti hugawanya tiba katika mafungu mawili makubwa: shodhana na shamana. La pili latokana na kitendo chenye maana ya kutulia. Ni tiba ya kuyatuliza yaliyochafuka bila ya kuyatoa. La kwanza latokana na kitendo chenye maana ya kuwa safi. Ni tiba ya kuyatoa nje. Yatolewayo huitwa dosha, nazo ni tatu: vata, pitta na kapha. Jina dosha latokana na kitendo chenye maana ya kuharibika na kuharibu. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Husikia "kuharibu", husikia "kutoa nje", wakahitimisha kwamba kinachotolewa ni sumu.

Hitimisho hilo halisimami. Sumu ni mgeni mwilini. Dosha ni wenyeji. Katika mafundisho ya Ayurveda, vata, pitta na kapha zikiwa katika kadiri yake ndizo zinazouendesha mwili: vata hupeleka na kurejesha, pitta huyeyusha chakula, kapha hushikamanisha viungo. Mtu aliyeondolewa pitta yake yote hakutakasika; ameharibikiwa. Kinachotolewa ni ziada tu, kile kilichozidi au kilichohama mahali pake. Isitoshe, wataalamu wa Kihindi hawakukosa neno la sumu. Wanalo, nalo ni visha. Tena katika matawi manane ya elimu yao ya tiba waliliwekea tawi zima, liitwalo agadatantra, ambalo kazi yake ni sumu ya nyoka na wadudu, na sumu zitokanazo na mimea na madini. Kama wangalitaka kusema kwamba panchakarma ni kuondoa sumu, neno lilikuwako na mahali pake palikuwako. Hawakuliweka hapo.

Haki yataka kutaja hoja ya upande wa pili, kwa kuwa nayo ina nguvu. Liko neno jingine, ama, litumikalo kwa chakula kisichoyeyushwa sawasawa kikabaki tumboni kama kitu kibichi. Vitabu huifananisha ama na sumu, na katika hali yake mbaya Charaka huitaja kwa jina la amavisha, ambalo ndani yake mna neno visha lenyewe. Je, si ushahidi wa kutosha kwamba panchakarma ni kuondoa sumu? La. Kanuni ya vitabu ni kwamba dosha zikiwa zimechanganyika na ama na kuenea mwilini, mgonjwa asisafishwe. Kwanza apunguziwe chakula, apewe vitu vya kusaidia kuyeyusha, mpaka kile kibichi kiive. Vagbhata hulinganisha kuitoa ama kwa nguvu na kukamua maji ya tunda bichi: maji hayapatikani vizuri, na tunda huharibika. Basi kile kinachokaribiana zaidi na maana ya sumu ndicho hasa ambacho tabibu hukatazwa kukikurupukia kwa dawa za kutapisha na kuharisha. Mtu aliyefundishwa kwamba tiba hii ni ya kuondoa sumu atafanya kinyume chake. Maana sumu, kwa akili ya kila mtu, hutolewa upesi.

Matayarisho ya tiba yaonyesha jambo hilohilo. Kabla ya kutapishwa au kuharishwa, mgonjwa hunyweshwa samli au mafuta kwa siku 3 hadi 7, kadiri ya tumbo lake, kisha hutolewa jasho. Sababu yake ni kwamba ziada ya dosha imejificha katika viungo, na haina budi kulainishwa na kuyeyushwa ili irudi tumboni, na kutoka tumboni itolewe kwa mlango ulio karibu nayo: kapha kwa kinywa, pitta kwa kuhara, vata kwa dawa ya kupitishwa nyuma. Charaka hutoa mfano wa fimbo kavu: hata mti uliokauka hupindika ukitiwa mafuta na kupashwa moto, sembuse mwili wa mtu aliye hai. Mfano huo ni wa fundi anayejua kwamba kijiti kikipindwa kikavu kitavunjika.

Siku ya kutapishwa ikifika, kitabu hakimwachi tabibu aondoke. Mgonjwa akisha kunywa dawa, tabibu hukaa akamtazama. Jasho likitoka, hujua kwamba dosha imeanza kuyeyuka. Nywele za mwili zikisimama, imeondoka mahali pake. Tumbo likijaa, imefika tumboni. Mate yakijaa na kichefuchefu kikaja, imeelekea juu. Hapo watu wa kumhudumia humshika paji la uso na mbavu, humbonyeza kitovu, humsugua mgongo; na ikiwa matapishi hayaji kwa urahisi, hutumia vidole vilivyokatwa kucha vizuri, au bua la yungiyungi, kulichokoza koo taratibu. Hesabu nazo zimewekwa: kutapika mara 4, 6 au 8, na kuhara mara 10, 20 au 30, kwa daraja ya chini, ya kati na ya juu. Baada ya hapo mgonjwa aliyesafishwa kwa daraja ya juu hurudishwa kwenye chakula chake kwa muda wa siku 7: kwanza uji mwepesi wa mchele, kisha uji mzito, kisha mchuzi wa choroko na mfano wake, kisha supu ya nyama. Asiyefuata mpango huo huhesabiwa kuwa hakumaliza tiba.

Sura ya 15 ya sehemu ya kwanza ndiyo inayostahili kusomwa kuliko zote, kwani ndani yake kitabu kinajihoji chenyewe. Atreya anafundisha kwamba kabla ya kumpa mtu dawa ya kutapisha au kuharisha, tabibu na akusanye kwanza kila kitu kitakachohitajiwa. Agnivesha anauliza: kwa nini kukusanya vyote hivyo? Ikiwa tabibu anajua, dawa si itafaulu? Na ikiwa dawa iliyotolewa sawasawa yaweza kushindwa, na iliyotolewa vibaya yaweza kufaulu, kuna tofauti gani kati ya kujua na kutojua? Swali hilo ni kali, na mwalimu halikwepi. Hujibu kwamba watu wa daraja yake wanaweza kuitoa dawa hata ikafaulu bila ya shaka, lakini kuufundisha ujuzi huo wote hata mwanafunzi akaushika ni jambo lisilowezekana kwa wengi. Kwa kuwa hali za dosha, dawa, mahali, majira, nguvu, mwili, chakula na umri ni nyembamba mno, na hata akili pana hukanganyikiwa. Basi na vikusanywe vya kusaidia, jambo lolote likitokea.

Kisha huja maelezo ya nyumba itakayojengwa: imara, isiyopigwa na upepo mkali ila sehemu moja, isiyofikwa na moshi wala vumbi wala kelele, yenye choo, mahali pa kuogea na jiko. Ndani yake wawekwe watumishi wenye huruma na mikono mizuri, waimbaji na wasimulizi wa hadithi, kwale na sungura kwa ajili ya supu, na ng'ombe wa maziwa mwenye ndama wake. Yameorodheshwa na madhara yatokanayo na kusafisha kupita kiasi au pungufu: tumbo kujaa, maumivu ya kukata, kushikwa moyo, viungo kukakamaa, kutokwa damu. Na kwa kuwa maelezo hayo ni ya nyumba ya mfalme au tajiri, kitabu huongeza kwamba si watu wote wanaovimiliki vyombo hivyo, na maradhi makali hayawaachi maskini kwa sababu ya umaskini wao. Basi maskini apatapo dharura na atumie dawa anayoweza kuipata. Maneno hayo machache yana heshima kubwa. Ndani ya "kuondoa sumu" hapana hata dalili yake: hapana nyumba, hapana mtazamaji, hapana maskini.

Kukisifu kitabu si kukifanya kisihojiwe. Madaraja yake ya 4, 6 na 8, na ya 10, 20 na 30, yamepangika vizuri mno kuliko matumbo ya watu. Dosha tatu si vitu ambavyo elimu ya mwili ya leo huvikuta inapochunguza; na kuhusu taka za mwili, elimu hiyo hufundisha kwamba ini na mafigo hufanya kazi ya kuzitoa kila siku. Kutapika na kuhara kwingi hupunguza maji na chumvi za mwilini, na mtu dhaifu anaweza kufa kwa hilo. Lakini mtu awezaye kubishana na Charaka ni yule aliyeambiwa Charaka amesema nini. Aliyeambiwa "kuondoa sumu" hana cha kubishana nacho, kwa sababu hapana mtu apendaye sumu.

Maneno hayo yametoka wapi? Hayakutoka Kisanskriti. Yametoka katika lugha ya biashara ya afya ya Ulaya na Marekani, yakafasiriwa kwa Kiswahili kana kwamba ndiyo asili. Mtaalamu wa Kifaransa Francis Zimmermann alionyesha mwaka 1992 jinsi Ayurveda ya zama hizi ilivyoyaacha nyuma yale matendo makali na kuutanguliza upole: mafuta, kukandwa, kutulia. Jina la kusafisha limebaki, na tendo limegeuka. Naye Robert Saper na wenzake walichapisha mwaka 2004, katika jarida la Chama cha Madaktari wa Marekani, matokeo ya kuchunguza dawa 70 za kunywa za Ayurveda zilizouzwa madukani katika eneo la Boston. Dawa 14 zilikutwa na risasi, zebaki au arseniki. Uchunguzi huo haukuwa wa panchakarma yenyewe, wala hautoshi kuihukumu elimu nzima. Watosha kuonyesha kwamba neno "sumu" si la kuchezewa karibu na chupa ya dawa.

Mfasiri wa Kiswahili hakulazimika kupita njia hiyo. Mwaka 1949 chama cha Gulabkunverba cha Jamnagar kilitoa Charaka Samhita katika majuzuu 6, pamoja na tafsiri za Kihindi, Kigujarati na Kiingereza. Jamnagar ni mji wa Kathiawar, na Kathiawar na Kachchh ndiko walikotoka wengi wa Wahindi waliohamia Zanzibar na mwambao wa Afrika ya Mashariki. Kigujarati ni jirani wa Kiswahili wa miaka mingi. Aidha Kiswahili chenyewe kina akiba ya maneno ya tiba iliyokijia kwa njia ya Kiarabu, kutoka elimu ya mchanganyiko wa tabia za mwili, ambayo ni ndugu wa mbali wa elimu hii ya Kihindi.

Akiba hiyo ni ya kutumiwa kwa hadhari. Balghamu yaelekea kufaa kwa kapha, lakini kwa msemaji wa leo ni kohozi tu. Safura yaelekea kufaa kwa pitta, kwa kuwa asili yake ni nyongo ya manjano. Lakini leo ni jina la maradhi ya kupungukiwa na damu, hasa yaletwayo na minyoo. Upepo waelekea kufaa kwa vata, ila upepo na pepo ni jamaa moja, na msomaji atadhani mgonjwa amepagawa. Hali matabibu wa Kihindi waliwatengea pepo tawi lao jingine, bhutavidya. Kwa hiyo ni salama zaidi vata, pitta na kapha zibaki kwa majina yake, kama zilivyobaki katika lugha nyingine. Lakini hazina iliyofichika imo katika jina moja la kawaida kabisa: baridi yabisi. Kila mzee wa pwani hulijua kwa maumivu ya viungo, na wachache hukumbuka kwamba maana yake ni baridi kavu. Na baridi na ukavu ndizo sifa za vata, ambayo Ayurveda huitaja kuwa sababu ya maumivu ya viungo. Mwalimu anayetaka kumweleza Mswahili vata ni nini hahitaji kwenda mbali. Na aanzie hapo.

Kwa matendo yenyewe, vitendo vya Kiswahili vinatosha: kutapisha, kuharisha, kupitisha dawa nyuma, kutia dawa puani, kuumika. Hata basti, jina la jumla la tiba za kupitisha dawa nyuma, maana yake ni kibofu, kwa kuwa chombo chake kilikuwa kibofu cha mnyama. Jina la chombo likawa jina la tiba. Kiswahili kimefanya vilevile: chuku ni pembe ya kuumikia, na kupiga chuku ni tiba yenyewe. Wako watakaosema kwamba vitendo hivyo ni vya aibu kuandikwa. Jibu ni methali yao wenyewe: mficha uchi hazai. Mtu akiambiwa kwamba atatapishwa mara 8, atauliza nani atamshika kichwa. Akiambiwa kwamba ataondolewa sumu, atauliza bei tu.

Kwa shodhana, neno linalopendekezwa ni kutakasa, na jina lake utakaso. Kwa shamana, kutuliza na utulizaji. Kutakasa kuna harufu ya ibada, nayo si dosari kubwa, kwa kuwa hakumwambii msomaji kwamba kilichomo ndani yake ni adui. Kusafisha kunafaa pia katika maelezo ya kawaida, kama watu wasemavyo kusafisha tumbo. Neno sumu na liachiwe visha, na mahali pa ama paandikwe ama, pamoja na maelezo yake.

Agnivesha aliuliza kuna tofauti gani kati ya kujua na kutojua. Katika tafsiri tofauti hiyo ni ndogo kama neno moja, na msomaji hana njia ya kuiona mpaka aonyeshwe. Kazi ya kuionyesha ni ya wenye lugha kabla haijawa ya matabibu.